Gauni la Mwalimu wa Darasa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Shemeji naye vipi, bado anakohoa? Mwambie aache ubishi aende hospitali. Sisi huku wazima wa mwili. Cherehani yetu ya zamani bado inanguruma, na mwandiko wangu ndio huo unaouona, umelala kama mlevi. Usinicheke.

Dada, nina mambo kifuani, na mengine yanamhusu mwanangu Sindano, huyo uliyembandika jina kwa wembamba wake. Ameanza mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilimshonea sare mpya, nikaipiga pasi, nikamsindikiza hadi getini mpaka akaniomba nirudi, wenzake wasimwone analetwa na mama kama mtoto wa chekechea.

Siku hiyo ya kwanza hawakusoma. Mwalimu wa darasa aliwasimamisha duara, ati wafahamiane upya kabla ya mitihani. Alileta donge la uzi wa sufu. Unarushiwa donge, unasema ndoto yako, unabaki umeshika uzi, kisha unamrushia mwingine, hadi darasa zima linakuwa kama utando wa buibui. Mchezo mzuri tu, ukiusikia. Donge likamfikia Sindano, naye akasema anataka kuwa daktari wa upasuaji. Mwalimu akacheka. Akauliza mbele ya wote ni daktari gani huyo anayejificha chini ya meza ya mama yake na kulia akiona hesabu. Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo jina lake shuleni ni Chini ya Meza. Akiingia tu, wanagonga madawati kwa chini.

Na nani alimwambia mwalimu habari ya meza? Mimi, dada. Huyo mwalimu ni mteja wangu. Wakati wa likizo alikuja kupimwa gauni, akanichangamkia, akaniita mama mkubwa, nami nikatoa pini mdomoni nikaanza kupiga soga. Nikamweleza jinsi matokeo ya hesabu yalivyomtisha mtoto, akajikunyata chini ya meza yangu ya kukatia, akanikumbatia miguu, akalia. Nilisema ili amhurumie, amshike mkono. Kumbe nilikuwa nampa fimbo.

Sindano aliporudi alinitazama kama mtu asiyenijua. Akala akiwa amenipa mgongo. Kisha akaja na sare yake imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya meza ileile, akaniambia niikate matambara ya kufutia cherehani, yeye shule basi. Dada, mtoto ambaye nilitaka asome hadi kule nilikoshindwa mimi! Nilimbembeleza kama yai, akakubali kusubiri tu hadi mkutano wa wazazi upite, nisije nikaaibika peke yangu.

Mwalimu naye hakuwa na habari. Akapita kuchukua gauni lake la bluu, la kuvaa siku hiyo hiyo ya mkutano. Alitaka limbane kiunoni, liseme lenyewe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, litasema.

Mkutano ukafika. Nilikaa mbele kabisa na Sindano kando yangu, amenuna hadi shingo. Mwalimu akaingia anang'aa, nami nakubali, gauni lilimkaa. Akatuomba wazazi nasi tusimame duara pamoja na watoto tucheze mchezo wa ndoto. Mzazi mmoja, muuza mkate, alisema ndoto yake ni kulala hadi jua liwake, tukacheka. Donge likarudi kwa mwalimu. Akasema ndoto yake ni kuona darasa hili likimpa heshima, akainua mkono juu, akanirushia mimi.

Dada, gauni lilifunguka toka kwapani hadi kwenye nyonga, mshono mzima, kwa sauti ya mtu anayechana gazeti. Shimizi nje! Muuza mkate akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya ndoto. Mtu mmoja nyuma akasema mwalimu likizo amekula vizuri. Watoto walilia kwa kucheka. Mwalimu akatafuta pa kujificha, na palipokuwa karibu palikuwa meza yake. Naam, akachuchumaa nyuma yake, hadi mwalimu mwenzake alipomletea koti. Nilibaki nimeshika donge langu la uzi, nimetulia kama niko msibani.

Sasa kaa chini nikwambie, maana sijamwambia mtu mwingine. Ule mshono haukuwa mshono. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba nguo inashikizwa kwanza kwa mkono, uzi mrefu mrefu, ndipo inapita kwenye cherehani. Upande ule wa kulia niliushikiza tu, nikaupiga pasi ukalala vizuri, nikamkabidhi. Nilifanya kwa makusudi, nikiimba. Nimejaribu kujuta, nimeshindwa.

Kesho yake mwalimu alikuja na gauni ndani ya mfuko, akiniomba radhi yeye, ati amenenepa. Nikampima tena, pini mdomoni. Basi akaanza kulia, na katika kulia akanimwagia siri yake, nzito, ya kumtoa mtu kazini. Sindano alikuwa nyuma ya pazia anasikia kila neno.

Mwalimu alipoondoka, mtoto akatoka, akalichukua gauni, akavuta kipande cha uzi mweupe kilichoning'inia. Amekulia miguuni pa cherehani, huwezi kumdanganya. Akaniuliza kama nilishikiza tu. Nikaitikia kwa kichwa. Alicheka, dada, akacheka hadi akakaa sakafuni, nami nikacheka na pini zangu. Kisha akauliza ile siri nitamwambia nani. Nikamwambia hakuna. Akanikazia macho muda mrefu, kama anakagua mshono. Sare yake ilikuwa imerudi juu ya meza ile tangu jioni ya mkutano, lakini asubuhi niliikuta meza tupu. Ameivaa, ameshaondoka kwenda shule.

Gauni nimelishona sasa, tena mara mbili, halitachanika hata mwalimu akipanda ukuta. Lakini kila akija dukani namtazama kimya, na yeye anatokwa na jasho, hajui kama nitasema leo au kesho. Sindano anasema siku hizi darasani mwalimu anamwita daktari, na anayegonga dawati anatolewa nje.

Kwa hiyo na wewe, dada, usiniulize ile siri. Nakujua utauliza. Pini ziko mdomoni, na safari hii sizitoi.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na goti ulipake mafuta ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa kona