Sili Zisizovuja na Kofia ya Mjomba

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Msambweni tu wazima, na bibi yako bado aona wivu nikikuita mke wangu.

Umeuliza kama sili, pete za mpira za kuzuia mafuta, zibadilishwe injini ikifunguliwa na hali hazivuji. Umemuuliza bingwa! Miaka ya hamsini, kwa darasa langu la nne, niliifungua injini ya dizeli ya kinu cha mjomba wangu. Kesho yake ilikuwa Maulidi, wanawake wangojea unga wa mchele. Mafuta yakimwagikia mkanda unaozungusha kinu, wateleza, hakuna unga.

Mjomba alikuja na sili mpya. Nikamcheka.

"Hizi za zamani nzima, mjomba. Nazirudisha."

"Ikunje moja kwanza, profesa."

Nikaikunja, ikavunjika kama muhogo mkavu. Kumbe haikuvuja kwa kuwa haijaguswa.

Nilitia mpya. Kinu kikasaga hadi adhuhuri. Mjomba akavua kofia yake nyeupe, akapangusia chini ya mkanda, akaigeuzageuza akitafuta doa la mafuta. Kisha akaivaa, akaenda kuswali nayo.

Hapo ndipo nilipopumua.

Wako mwenye maringo,
Babu