Masaa Tisa Bila Kukata

Jumatano, 28 Agosti

Mume wangu amekataa kubebwa. Mdogo wake alikuja na rafiki zake wawili, wanaume wenye vifua, wakasema siku ya harusi watamshusha kwenye kiti, ghorofa nne si kitu. Mzee wangu akawaambia yeye si kabati. Wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikalia kwenye kitambaa cha vyombo.

Kwa hiyo baba hatakuwepo binti yake akiolewa. Zimebaki wiki mbili na siku tatu.

Baadaye nilipokuwa namgeuza akasema, tafuta mtu wa kamera anayejua kazi, anase harusi siku nzima. Siyo wa simu. Wa simu anatikisika, na sauti inakuwa upepo mtupu. Yeye ni fundi redio, miaka thelathini anasikiliza vidude vya watu. Macho yenyewe siku hizi yanaona kama kupitia nailoni. Picha ni zenu, akasema. Mimi niletee sauti.

Hajui. Daktari aliniita mimi peke yangu kwenye korido, pale penye mizani ya watoto, akaniambia ini limekwisha, ni miezi miwili, ikizidi mitatu. Hiyo ni mwezi uliopita. Sijamwambia mtu. Nikimwambia binti ataivunja harusi, namjua. Nikimwambia mwenyewe — hapana. Anapanga akipata nafuu amtengenezee mwenye nyumba redio yake. Nitaanzia wapi?

Ndiyo maana naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu unatembea kama kuku. Lakini daftari haliendi kumwambia mtu.


Ijumaa, 30 Agosti

Nimempata. Ni mwanamke! Chumba chake kiko juu ya duka la mapazia, nyaya zimejaa mpaka unaogopa kukanyaga. Kavaa suruali ya mifuko mingi, na kila mfuko una kitu ndani. Nilitoka kazini moja kwa moja, mikono inanuka sabuni ya sakafu, nikaificha chini ya pochi.

Akanionyesha harusi za watu kwenye skrini. Nzuri, jamani. Dakika tano, muziki, watu wanacheka polepole. Nikamuuliza mbona hawasemi kitu. Akasema ndiyo mtindo, Mama, watu wanataka muziki.

Nikamwambia mimi nataka yote.

"Yote ni masaa tisa, Mama."

"Hayo hayo masaa tisa. Bila kukata."

"Hakuna mtu anayekaa kuangalia masaa tisa."

"Yupo," nikasema. "Yuko kitandani."

Akaacha kubonyeza. Akafungua mfuko mmoja akatoa kidude cheusi, kidogo kama kifungo cha koti. Hiki anabandikwa bibi harusi, akasema, kinanasa kila anachosema tangu anavaa mpaka mwisho. Fomu akanisomea mwenyewe, bila kunifanya mjinga. Nikasaini. Kwenye ngazi nikawa nacheka peke yangu kama kichaa.


Jumanne, 3 Septemba

Hali si nzuri. Miguu imevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Chai amerudisha yote.

Lakini kichwa kiko kazini! Kanituma nimwambie dada wa kamera kile kidude kikae karibu na kola, kifuani nguo itasugua. Nikamwambia yule anajua kazi yake. Akasema kila mtu anajua kazi yake mpaka nguo isugue.

Binti anadhani baba ana vidonda vya tumbo tu. Leo kaniuliza mbona nimekonda. Nikasema harusi ni yako, wa kuhangaika ni mimi. Tukacheka. Nimeuzoea uongo mpaka unanitoka bila kufikiri.


Ijumaa, 13 Septemba

Binti amevaa gauni mchana, kalileta mpaka kitandani kwa baba yake. Mzee hakuona vizuri. Akalishika kwa vidole, akavuta mkono wa gauni karibu na sikio, akasugua. Akasema kitambaa kizuri, hakipigi kelele.

Sikuweza kukaa. Nikajifanya natafuta pini.


Jumamosi, 14 Septemba

Ameolewa. Miguu yangu si yangu. Nitaandika kesho.


Jumapili, 15 Septemba

Niandike vizuri, maana kuna jambo linanikwaruza.

Saa nne dada wa kamera alimbandika binti kile kidude, karibu na kola kama mzee alivyosema. Akawasha, akatuambia tusikiguse. Tulipofika mlangoni mwa ukumbi nikamtazama mwanangu. Mweupe wote, halafu shingoni pale — kitu cheusi kama mende. Kila mtu angekiona! Na picha ni za kukaa miaka. Mkono ukaenda wenyewe. Nikakibandua pamoja na waya wake, nikakitia ndani ya pochi, nikamwambia twende.

Kikitoka kwenye nguo si kinazima?

Viapo nimevisikia vyote, nilikaa mbele. Sauti yake ilitetemeka mara moja tu. Nililia mpaka mama mkwe wa binti akanipa leso yake, na sasa lazima niifue niirudishe.

Kabla ya chakula nikaenda chooni, dada yangu mkubwa akanifuata. Yule hana breki mdomoni. Akasema shemeji angejikaza hata kidogo, harusi ya binti haiji mara mbili, au ndiyo anajidekeza? Hapo nikapasuka. Nikamwambia yote. Daktari, korido, miezi miwili. Mara ya kwanza maneno yenyewe yanatoka mdomoni. Akanishika. Nami nikaendelea, sijui nani alinisukuma. Nikasema nimechoka. Nikasema nafua mashuka kila siku mpaka kucha zimelainika, na kuna siku naomba aende tu, apumzike, na mimi nipumzike.

Dada alifungua bomba akaninawisha uso kama mtoto.

Jioni dada wa kamera akapita kukusanya vitu vyake. Nikakitoa kile kidude kwenye pochi. Akashtuka, akauliza kilikuwa kwangu tangu saa ngapi. Nikasema sasa hivi tu, nimekitoa bibi harusi akibadilisha nguo. Uongo mdogo. Niliona aibu, mtu mzima nimemharibia mwenzangu kazi mbele ya watu.

Sasa mzee anangoja sauti ya mwanawe, na mimi ndiye niliyeizima. Kwa ajili ya kola!


Jumanne, 17 Septemba

Hakulala. Asubuhi kaniuliza harusi yake iko wapi. Hakusema harusi ya binti. Yake.

Nikaenda kwa dada wa kamera. Kasema wiki tatu, lazima aangalie, apange, asawazishe sauti. Nikamwambia wiki tatu sina. Akasema Mama, siwezi kutoa kazi mbichi, jina langu ndilo linalonilisha. Nikakaa chini pale kwenye nyaya zake. Sikulia. Nilikaa tu. Nikamwambia kwa nini sina wiki tatu. Ni mtu wa pili kumwambia maishani mwangu.

Akainuka akatafuta flashi. Akasema picha bado, ila sauti ya bibi harusi naweza kukutolea ilivyo. Ipo, masaa tisa yote, sijaisikiliza hata dakika.

Ipo! Nikasema kumbe mashine za siku hizi zinashika hata kutoka mbali. Moyoni lakini. Ningeuliza, ule uongo wangu ungetoka. Nikaipokea flashi kwa mikono miwili. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, naogopa kuidondosha nikisukumwa na watu.

Kesho asubuhi mzee ataanza kusikiliza. Amejisafishia mwenyewe spika za masikioni kwa kijiti na pamba. Binti naye atakuja alasiri na mumewe wasikilize pamoja.


Jumatano, 18 Septemba

Naandika jikoni. Naandika haraka, kama haisomeki basi.

Saa tatu nilimchomekea flashi kwenye redio yake ndogo, nikamvalisha spika masikioni, nikamwekea mto. Akafumba macho. Nikaona anatabasamu kidogo — nadhani ni pale wanapovaa. Nikaenda kazini mwepesi. Nilikuwa napiga deki naimba, mpaka mlinzi akaniuliza nimeokota nini.

Saa sita kasoro robo simu. Dada wa kamera.

"Mama," akasema, "nimeanza kusikiliza. Hii siyo sauti ya bibi harusi. Ni yako."

Nikasimama na fagio.

"Kilikuwa kwenye pochi, Mama. Siku nzima. Nimefika chooni nikazima." Halafu akauliza polepole, "Mzee ameshaanza?"

Nikakata. Nikampigia mzee. Inaita, inaita, haipokelewi. Atasikiaje, na masikio yameziba? Nikahesabu kwa vidole. Sauti inaanza saa nne, yeye ameanza saa tatu. Chooni tuliingia saa saba kasoro kidogo. Kwa hiyo kwake ni saa sita kasoro kidogo. Yaani sasa hivi. Labda dakika tano bado, labda ameshapita. Labda amelala! Nikaomba awe amelala. Hata kama ni usingizi wa moja kwa moja, Mungu anisamehe, na hilo pia nikaomba.

Sikumuaga msimamizi. Nimekimbia na yunifomu, na glovu moja. Ghorofa ya tatu nikakaa kwenye ngazi, pumzi hakuna, nikajikaza nikapanda iliyobaki nimeshika ukuta. Saa saba nilikuwa mlangoni.

Yuko vilevile. Spika masikioni, macho yamefumba, mikono juu ya shuka. Shuka nililofua mimi jana. Nikasimama. Akajua nimeingia, yeye hujua kwa mbao za sakafu zinavyolia.

Nikamuuliza, umefika wapi? Sauti haikutoka vizuri. Akatoa spika moja.

"Wanakula," akasema.

Wanakula. Chakula kilikuja baada ya choo. Baada.

Nikatafuta uso wake uniambie kitu. Hakuna. Hana hasira, hana machozi. Akasema tu kwamba nimevaa glovu. Nikaivua. Kisha akasogea upande wa ukuta, taratibu, kwa maumivu, ikabaki nafasi kama ya mtu mmoja kitandani. Sijui alikuwa ananipisha au anajitenga nami. Nimeishi naye miaka ishirini na sita na sikujua! Nikasema ngoja niweke maji ya chai. Nikakimbilia huku.

Kabla maji hayajashika moto, hodi. Binti na mumewe, wamewahi, wameleta keki iliyobaki. Akaingia chumbani kwa kelele zake, baba umesikia viapo, umesikia nilivyotetemeka? Mimi nimeganda hapa penye jiko, najua sasa hivi binti anachukua spika nyingine.

Nikamsikia mzee akisema imeharibika. Hakuna kitu humo, mikwaruzo mitupu.

Binti akasema haiwezekani, hebu nisikilize. Akamwambia mimi nimetengeneza redio kabla hujazaliwa, unanifundisha mikwaruzo? Mkwe akacheka. Nikachungulia. Flashi ameshaichomoa. Ameifumba ndani ya ngumi, na ngumi ameilaza chini ya shuka.

Kwa hiyo anajua. Anajua yake ya daktari, na anajua langu la chooni. Amemficha binti kama nilivyomficha mimi, bila hata kuambizana.

Ila binti yangu hakati tamaa, hilo alilirithi kwake. Kasema Baba usijali, dada wa kamera lazima ana nakala. Ametoka kwenye korido na simu. Namsikia hapa ukutani anasema haloo, haloo dada, ni mimi bibi harusi wako.

Mkwe anakata keki, anauliza sahani ziko wapi.

Maji yamechemka zamani. Sijayaondoa. Nikiondoa sufuria lazima niende mahali, na kuna milango miwili, wa korido na wa chumbani.

Binti amenyamaza, anasikiliza simu.

Mzee ananiita. Hajaniita kwa sauti hiyo tangu augue. Mama watoto, njoo, na ufunge mlango.

Ananiita tena.