Siku Papa Alipoondoka

Kamembe, 3 Agosti 1987

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Cubaka, huko Bujumbura,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na mke wako na batoto. Kile kifua chako kimepoa? Huku sisi wazima. Vumbi limezidi, lakini ziwani wale samaki wadogo, sambaza, wanapatikana na sokoni nauza.

Uliuliza kwa nini nimenyamaza tangu Pasaka. Nilikuwa naandika kitu kingine. Kikundi cha maigizo cha mtaani kilitafuta mchezo wa sikukuu ya Bikira Maria, nikajitolea kuutunga. Nilieleza habari ya nyumba yetu: marehemu Maman, sisi wawili, na siku Papa alipoondoka. Niliandika nikilia, na kwa kuwa nililia nikadhani mchezo ni mzuri.

Antoinette, anayeongoza kikundi, aliniambia niusome kwa sauti mbele ya waigizaji. Nilipofika mahali Maman anapolia, ukurasa mzima wa machozi, mmoja akapiga miayo, mwingine akacheka. Nilikasirika, nikaondoka. Niliporudi, Antoinette hakunibembeleza. Aliniagiza nifute kila neno linalomwamuru mtazamaji ahuzunike, nione kama huzuni itabaki. Ule ukurasa ukawa kitendo kimoja: Maman anapakua ugali kwenye sahani nne, kisha anarudisha wa sahani moja chunguni. Safari hii hakuna aliyecheka.

Basi nikaishika kazi hiyo. Nilitoa methali, nikatoa na Kifaransa nilichokiweka ili nionekane nimesoma. Sehemu moja tu ilinishinda: Papa anasimama mlangoni na sanduku, anamtukana Maman, anakwenda. Kamali, anayemwigiza, alilalamika: “Miye huyu muntu ananishinda. Anatukana tu. Anataka nini?” Antoinette akanigeukia: “Na wewe, ulikuwa pale?”

Sikuwa pale. Hata wewe hukuwepo, Yaya, tulikuwa masomoni. Maman hakusimulia kamwe. Matusi yale tuliyapata kwa majirani. Nilijaribu kumtungia Papa maneno mengine, lakini kila niliposoma kwa sauti nilisikia ni mimi ninayesema, si yeye.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Najua hutaki jina lake litajwe nyumbani kwako. Mwezi uliopita nilipanda gari hadi Nyakabuye, nikamtafuta. Analima mpunga wa watu, na jicho la kushoto halioni tena. Nilimweleza mchezo, nikamwuliza alisema nini siku ile.

“Sikusema kitu,” aliniambia. “Nilisimama pale nikingoja mama yako aseme ‘baki.’ Naye alikuwa anangoja miye niombe. Kisha gari iliyokuwa inaningoja barabarani ikapiga honi.”

Sijui kama ni kweli yote, Yaya. Ila nilirudi nikafuta matusi. Sasa Kamali anasimama kimya, Maman anachambua maharage bila kuinua macho, honi inalia.

Papa atakuja kutazama, na atalala kwangu. Sikuombi umsamehe, nakuomba uje. Nimekuwekea kiti cha mbele. Yeye nilimpa cha pembeni yako, akakataa. Amesema atakaa nyuma, karibu na mlango, ili ukimwona ukakasirika atoke, asikuzuie kutazama.

Wabusu batoto kwa niaba yangu. Mungu akulinde njiani, pale mpakani Ruhwa.

Ni mimi mdogo wako,
Nzigire