Birika Sita

Swaledale, Yorkshire
4 Desemba 1978

Mdogo wangu Enid,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje, na huko Bristol baridi imeshaanza kuuma? Sisi wazima. Mama haoni tena herufi, lakini masikio yake bado ni ya paka.

Desemba imeingia, nasi tumerudia mambo yetu: kila siku baada ya chai ya alasiri namsomea hadithi moja fupi ya mauaji ya Krismasi. Sijafika katikati ananikatiza, "Ni mpishi, tena kwa sumu," na kweli ni mpishi. Nikilalamika ananicheka. "Huyu mwandishi wako anaficha muuaji kama mtu anayeficha ng'ombe nyuma ya ufagio."

Juzi, kwenye meza ya vitabu vikuukuu kanisani, nilipata jarida la Krismasi la mwaka 1954 lenye hadithi saba za namna hiyo. Ya tano inaitwa "Bwawa Jeupe", imeandikwa na R. Thorne, simjui. Inahusu mwanamume anayezama asubuhi ya Krismasi akivuka bwawa lililoganda kwenda kanisani. Nilitaka kuiruka kwa sababu ya Baba. Mama akasema, "Usiruke kitu. Miaka arobaini na saba imepita." Basi tutaisoma Ijumaa.

Dada yako,
Hester

Bristol
7 Desemba

Dada Hester,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi sijambo, kifua kimepungua.

Nakuomba kitu kimoja. Hadithi hiyo ya tano usimsomee Mama, na wewe mwenyewe usiisome. Mwambie panya wametafuna kurasa. Msomee nyingine yoyote. Nitakueleza siku nyingine.

Mdogo wako,
Enid

Swaledale
9 Desemba

Enid mpenzi,

Hujambo? Sisi tuna afya, ila leo sijui niandike vipi. Barua yako imefika asubuhi hii. Hadithi tuliisoma jana.

Ni bwawa letu, Enid. Mti ulioinamia maji, geti bovu, hata kengele ya kanisa iliyopasuka. Mtu anapita juu ya barafu kama afanyavyo kila mwaka, theluji mpya imefunika kila kitu, na karibu na mti barafu inamfungukia. Wote wanasema ajali.

Nilipofika hapo Mama aliweka kikombe chini. "Maji ya moto," alisema. "Yamemwagwa jana yake. Yanayeyusha barafu, juu panaganda tena utando mwembamba, theluji inaficha."

Nikageuza ukurasa. Ndivyo ilivyoandikwa. Na aliyebeba birika tatu za maji ya moto alasiri ya mkesha ni binti mkubwa wa nyumba, mwenye koti jekundu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, Enid, na koti langu lilikuwa jekundu. Na nilibeba. Mama aliniambia bata-mwitu hawana pa kunywa, nimwage pale karibu na mti. Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Kesho yake Baba alipozama watu walisema barafu ya mwaka ule ilikuwa mbaya, nami nikasema hivyo hivyo. Nimesema hivyo mpaka jana.

Nikasoma jina la muuaji. Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Huyo msichana alitumwa tu." Kisha akanyoosha shali yake magotini. "Na mwandikie Enid kwamba birika zilikuwa sita. Alisinzia baada ya ya tatu."

Kwa nini anakutaja wewe, Enid?

Dada yako,
Hester

Bristol
12 Desemba

Dada,

Sikuulizi habari, nazijua.

R. Thorne ni mimi. Siku ile nilikuwa kitandani, mkono umefungwa banzi, kichwa kimeegemea dirisha. Watu waliambiwa nilianguka ngazini. Mkono ule aliuvunja Baba kwa sababu nilimwaga maziwa. Nilikuona ukitoka na birika, mvuke wa maji ukikufuata. Nilikuwa na miaka tisa, sikuelewa. Nilipoelewa, nilikimbia nikaja kuishi huku, mbali nawe. Kila Krismasi nilipokataa kuja nilisema ni kifua. Nilikuogopa, Hester. Nilikupenda na nilikuogopa. Niliiandika ili initoke, wala haikutoka.

Sikumwona Mama hata mara moja. Kama anajua nilisinzia, basi alikuwa ananitazama.

Muulize. Mimi siwezi.

Mdogo wako,
Enid

Swaledale
17 Desemba

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako. Tangu ile hadithi ya tano sijamsomea kitu, na kwa siku mbili sikumuuliza. Siku ya tatu nikamuuliza, naye akajibu kama mtu anayetaja bei ya mayai.

"Novemba ilikuwa mkono wa Enid. Ningengoja Februari iniletee nini?"

Nikamwambia, "Lakini Mama, kwa nini ulinituma mimi?"

"Mimi nilikuwa mzito. Barafu isingenibeba. Wewe ulikuwa mwepesi."

"Na kama isingenibeba mimi?"

Alipapasa kikombe chake mezani. Kisha akasema, "Nilisimama kwenye ghala nikahesabu hatua zako. Zote, Hester. Kila ulipokwenda na kila uliporudi." Akaomba nimwongezee chai, akauliza kama hadithi ya sita ina sumu au kisu.

Sikukasirika kwamba uliniogopa. Nami sasa nimeanza kujiogopa kidogo, nikishika kitu kizito mkononi.

Leo ilikuwa siku ya kumwosha nywele. Nilipasha maji, nikajaribu joto lake kwa kiwiko, nikamwosha taratibu kama kila Jumapili. Alifumba macho akaniachia kichwa chake chote mikononi mwangu, mwepesi kama yai tupu, wala hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Panda treni, Enid. Siwezi kukaa naye peke yangu Krismasi hii, na siwezi kumwacha.

Dada yako,
Hester