Mlango wa Meko wa Shemeji

Nimeshatoka kwa dada, begi mgongoni. Ile nyumba siirudii leo, ndugu yangu.

Yule shemeji fundi wa mabafu si ametengeneza mlango wa meko ya sebuleni? Kioo alichotia ni masalio ya bafuni. Bafuni!

Dada alimuuliza mapema, "Baba watoto, hiki kitastahimili moto kweli?" Akabinua mdomo: "Kioo ni kioo." Kisha akarundika kuni tele, eti tuone joto linavyotunzwa.

Dada hakutulia. Akawa anamsihi mama, aliyekuwa akiota moto mbele ya meko, asogeze kiti nyuma, na kabla hajamaliza, paa! Vipande vikajaa kwenye blanketi la mama, pale magotini. Dada akabaki ameshika mdomo, hathubutu kumtazama mama usoni.

Mama akajipapasa mashavu, akamgeukia mkwewe: "Baba, hapa naota moto au naoga?"

Kioo ni kioo! Nimetembea nchi za watu, ujinga wenye kiburi namna hii sijauona.

Basi. Mama hana hata mkwaruzo. Dada ameagiza mlango wa chuma wenye kioo cha kustahimili moto na tundu la kurekebishia hewa inayoingia motoni. Shemeji anafagia.