Kiti cha Tatu

Jumapili, 8 Juni

Tumerudi kanisani, tumekula, Mama amelala kabla ya zamu yake ya usiku. Mimi na Dada Neema tumetandaza ramani sakafuni. Toronto, Kingston, Montreal, Quebec. Nimepigia mstari kila mji kwa kalamu nyekundu. Pasi ya vijana inakuruhusu kupanda treni mwezi mzima, ila kila kipande cha safari lazima uweke kiti chako mapema. Kazi hiyo ni yangu. Neema hajui hata behewa linaanzia wapi.

Ottawa tumeiruka makusudi. Huko anakaa Shangazi Eda, na ukilala kwa Shangazi hulali siku moja.

Septemba Neema anaenda chuo Halifax. Kwa hiyo safari hii ndiyo yangu. Nimeingoja tangu baridi. Ni mimi na yeye tu.

Jumamosi, 14 Juni

Lulu amefika kutoka Morogoro. Likizo nzima. Ni binti wa Baba Mdogo, na kwetu huyo si binamu, ni dada. Nimepewa dada mwingine bila kuulizwa.

Anaongea sana. Mama anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi niliondoka Morogoro darasa la tano. Kiswahili ninakiandika vizuri kuliko Kiingereza, lakini nikitaka kukisema kinakwama kooni, na Kiingereza pia kinakwama, kwa hiyo nanyamaza kwa lugha zote mbili. Lulu hajawahi kunyamaza.

Analala kitanda changu. Mimi nipo kwenye godoro.

Jumatano, 18 Juni

Mama amesema Lulu anakwenda nasi. Neema akajaribu: "Mama, ni mwendo mrefu, atachoka."

"Ametoka Morogoro mpaka huku, atachoka na Montreal? Mgeni haachwi ndani kama mwavuli."

Ikawa imepita. Pasi ya tatu imenunuliwa jioni hiyo hiyo.

Nimeweka viti leo. Mimi na Neema pamoja, dirishani. Lulu behewa la pili, kando ya choo. Nimesema treni ilikuwa imejaa. Haikuwa imejaa.

Jumamosi, 21 Juni

Neema anamsuka Lulu. Saa nzima nawasikia wanacheka chumbani. Mimi alinisuka mara ya mwisho Krismasi, akasema mikono inamuuma.

Nina wivu. Nimeandika. Sasa nauona hapa na bado haupungui.

Jumapili, 22 Juni

Nimefanya jambo.

Nimemwandikia Shangazi Eda. Kupiga simu siwezi, mikono inatoka jasho. Nimemwambia Lulu yupo Kanada, tutapita karibu na Ottawa, na kwamba safari ndefu itamchosha, labda apumzike kwake, sisi tuendelee halafu tumchukue tukirudi. Nimeandika kwa upole sana. Nilisoma mara mbili nikajiona mtu mzuri.

Namjua Shangazi. Hatamwachia aondoke.

Jumatatu, 23 Juni

Shangazi amempigia Mama kabla hajavua viatu vya kazini. Nimesikia sauti yake mpaka jikoni. "Mtoto wa mdogo wangu avuke nchi bila kukanyaga kwangu? Nimekufa?"

Njia imebadilika. Kingston nimeifuta ili Ottawa iingie. Niliitaka Kingston.

Neema ananung'unika kwamba kuna mtu kamwambia Shangazi. Anadhani ni mama mchungaji.

Jumapili, 6 Julai

Kwenye treni. Neema alikaa na mimi mpaka stesheni ya Oshawa. Halafu akasema, "Lulu kule peke yake, jamani, si vizuri." Akamwita. Viti viwili ni viwili. Mimi ndiye mdogo. Nimehamia behewa la pili.

Naandika haya kando ya choo. Mlango wake haufungi vizuri.

Jumatatu, 7 Julai, Ottawa

Kila kitu kimeharibika.

Shangazi alipika wali wa nazi na maharage, samaki, tembele alilolipanda mwenyewe kwenye ndoo barazani. Tulipokaa akatangaza kwamba Lulu atabaki. Nilikuwa naangalia sahani yangu. Nilikuwa na furaha, sitadanganya.

Kisha akasema, "Na Neema pia. Mkubwa hamwachi mgeni wake njiani. Basi wote mtabaki, Montreal haihami."

Hili sikulifikiria. Mimi, mpanga njia.

Neema akaanza kumbembeleza. Shangazi akanionyesha kwa kijiko. "Mngekuwa na moyo kama wa huyu mpole. Ndiye aliyeniandikia nimweke Lulu, asije akachoka."

Neema aliweka uma mezani. Akanitazama kama anasoma kibao cha stesheni asiyoijua.

Lulu aliendelea kula. Tulipokuwa tunaosha vyombo akasema, "Mbona hukuniambia mwenyewe? Kwani mimi simba?"

Nikasugua sufuria.

"Ningebaki Toronto na Mama Mkubwa, tukaangalia tamthilia zake. Mimi nyumbani nina kaka watatu wanaonuka miguu. Nilidhani huku nimepata dada wawili." Akanipokonya sufuria. "Mmoja bubu, lakini nilimhesabu. Lete, umeshaitoboa hiyo."

Sikuomba msamaha. Nilitaka. Kiswahili kilikwama pale pale.

Jumanne, 8 Julai

Neema haongei nami. Viti vya Montreal ni vya saa nne asubuhi, na begi lake halijafungwa.

Wakati wa chai nikasema, "Shangazi, nitabaki mimi. Wao waende."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Wewe? Utaniongelesha nini, mwanangu, hata shikamoo yako naisomea mdomoni?"

Lulu akacheka. Hata mimi, kidogo.

"Nitamenya mihogo," nikasema.

Shangazi akafikiri. Kumbe hitaji lake lilikuwa dogo: mtoto mmoja wa nyumbani alale kwake, majirani wamwone. "Haya. Siku mbili. Na mjue mmeniudhi."

Niliwasindikiza stesheni. Neema hakugeuka. Lulu alipunga mkono mpaka mlango ukafungwa. Wamekaa dirishani, pamoja, kwenye viti nilivyochagua kwa ajili yangu.

Bado nina wivu. Nilidhani nikifanya jambo jema utaondoka.

Jumatano, 9 Julai

Nimemenya mihogo. Shangazi amenipitisha kwa majirani watano, kila mlango nimesema shikamoo kwa sauti. Wawili wanaongea Kifaransa, wakaitikia bonjour. Shangazi haoni tatizo.

Lulu ametuma picha ya Neema ana aiskrimu puani. Hakuandika kitu. Nimeitazama sana.

Nikamwandikia Lulu: Nisamehe. Lilikuwa neno moja na mikono ilitoka jasho.

Akajibu: Nimekusikia.

Alhamisi, 10 Julai

Peke yangu kwenye treni ya kuwafuata Montreal, mara ya kwanza. Mashamba ya mahindi, ghala, mto, mashamba tena. Shangazi amenifungia mihogo ya kukaanga kwenye gazeti na behewa zima linanukia. Mkaguzi wa tiketi aliniuliza ni nini. Nikamjibu. Nikampa kipande.

Begi langu lilikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Nimelishusha, mtu apate kukaa.

Kesho ni Quebec, na viti vya sisi watatu nilikuwa bado sijavirekebisha. Lulu alikuwa amewekwa kando ya choo huko nako. Nimefungua simu. Zilikuwepo nafasi kwenye viti vinne vinavyotazamana, vyenye meza katikati. Nimewaweka Neema na Lulu upande mmoja, Lulu dirishani. Mimi mbele yao.

Iliniuma kubonyeza. Nimebonyeza.

Ujumbe wa Neema umeingia sasa hivi, wa kwanza tangu Jumatatu. Uko behewa namba ngapi?