Khanga ya Zuleha Kwenye Mnyororo

Fortu, leo mjinga ni mimi, wala sibishi.

Nilimpakia mke wangu Zuleha kutoka Ruponda, kwenye ile baiskeli niliyochomelea gia ya nyuma. Unajua pedali zake hazisimami mpaka gurudumu lisimame.

Akasema, "Simama nijifunge khanga vizuri." Nikamcheka: "Bi harusi, nani anakutazama huku porini?" Akarudia. Nikakanyaga zaidi. Nikakanyaga zaidi, Fortu!

Khanga ikaingia kwenye mnyororo. Niliacha kukanyaga, pedali zikaendelea kuzunguka na mnyororo kuivuta mpaka akaanguka. Mkono wake wa kulia umevunjika, na ufuta wetu wote bado haujakatwa.

Hospitalini nikajitetea mbele ya mama yake, eti khanga ilikuwa ndefu mno.

Zuleha akanijibu bila kunitazama: "Khanga haina masikio. Wewe unayo."